Safu ya Mbele au Mpokeaji? Tathmini ya Programu ya Kuigiza Drafti ya NFL

Kwa muda wa wiki sita kabla ya drafti ya mwaka 2025 ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, iliyofanyika Green Bay kuanzia tarehe 24 hadi 26 Aprili, nilitumia karibu kila jioni programu ya kuigiza drafti, mojawapo ya zile zinazopatikana kwenye tovuti za uchambuzi wa futiboli ya Kimarekani. Nilikuwa na swali moja: timu yenye mapengo mengi ianze kuziba lipi? Ninaishi Ohio na ninaishabikia Cincinnati Bengals, na mwaka huo swali hilo lilikuwa limetugawa mashabiki hata ndani ya familia zetu. Programu za aina hii zinafanana sana kwa muundo, na ninachotaka kukipima ni namna zinavyomfundisha mtu kufikiri, kwa hiyo sitaitaja kwa jina niliyoitumia.

Kwa asiyezijua, zinafanya kazi hivi. Drafti yenyewe ni utaratibu ambao timu 32 huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, kwa raundi 7, timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikitangulia. Mwaka 2025 zamu zote zilikuwa 257. Programu hukukabidhi timu moja uiongoze, nayo huziendesha nyingine 31 kwa kufuata orodha yake ya ubora wa wachezaji pamoja na jedwali la mahitaji ya kila timu. Unaweza kuchagua idadi ya raundi, kasi ya mchezo, na kiasi ambacho timu nyingine zitazingatia mahitaji yao badala ya ubora mtupu. Zamu yako ikifika, unachagua mchezaji au unapokea maombi ya kubadilishana zamu. Mwishoni unapewa daraja, kuanzia A kushuka chini, kwa kila uamuzi na kwa drafti nzima.

Jambo la kwanza ninalolisifu, na nalisifu bila kusita, ni kwamba programu hii humlazimisha mtu kuuona upande wa pili wa kila uamuzi. Tunapobishana kwa mdomo, kila mmoja hutetea mchezaji wake wa raundi ya kwanza kana kwamba drafti inaishia hapo. Anayetaka mpokeaji wa pasi hasemi atampata wapi mlinzi wa kwotabeki (mrushaji wa pasi), na anayetaka mlinzi hasemi nani atapokea mipira. Ndani ya programu hakuna pa kukwepa, kwa sababu ukishamchukua mchezaji wa zamu ya 17, ya kwanza ya Bengals mwaka huo, utalazimika kukaa ukitazama majina yakiondoka moja baada ya jingine hadi zamu yao inayofuata, ya 49, na hapo ndipo utakapojua gharama halisi ya ulichokichagua. Nilianza kuweka kumbukumbu kwenye daftari: kila nilipoanza na nafasi fulani, niliandika ni nafasi gani zilikuwa bado na watu wa maana katika raundi ya pili na ya tatu. Baada ya majaribio kama 40 daftari lile lilinifundisha zaidi ya alama zote za programu. Wavamizi wa pembeni, yaani wale wanaomkimbilia kwotabeki kutoka ubavuni, walikuwa wakipungua haraka sana, ilhali walinzi wa ndani wa safu ya mbele ya ushambuliaji walikuwa bado wapo kwenye zamu ya 81, yetu ya tatu.

Kwa mashabiki wa Bengals, hesabu ya namna hiyo ina historia chungu kidogo. Mwaka 2020 timu ilimchukua kwotabeki Joe Burrow kwa zamu ya kwanza kabisa, na mwezi Novemba mwaka huohuo goti lake likaumia vibaya. Ilipofika drafti ya 2021 tulikuwa na zamu ya 5, na mji mzima ukagawanyika: wamchukue Penei Sewell, mlinzi wa pembeni kutoka Oregon ambaye angemkinga Burrow, au Ja'Marr Chase, mpokeaji aliyekuwa amecheza naye chuo cha LSU katika timu ya mwaka 2019 iliyotwaa ubingwa wa vyuo bila kupoteza mchezo? Walimchukua Chase. Sewell akaenda Detroit kwa zamu ya 7.

Mimi nilikuwa upande wa Sewell, na shemeji yangu alikuwa upande wa Chase. Msimu ule Chase alipata yadi 1,455 na kushinda tuzo ya mchezaji bora wa ushambuliaji aliye katika msimu wake wa kwanza, na timu ikafika Super Bowl, fainali ya ligi. Shemeji hakuacha kunikumbusha. Lakini msimu uleule Burrow aliangushwa akiwa bado na mpira mkononi mara 51 kabla ya hatua ya mtoano, kisha mara 9 katika mchezo mmoja dhidi ya Tennessee, na mara 7 katika Super Bowl yenyewe, ambayo Los Angeles Rams walishinda kwa 23 kwa 20. Katika mpira wa mwisho wa maana, Aaron Donald aliipenya safu yetu na kumshika Burrow kabla hajaweza kutafuta mtu wa kumrushia vizuri. Nimeutazama mchezo ule mara nyingi mno, na kila mara naona hoja zote mbili zikiwa kweli kwa wakati mmoja, kwa maana bila Chase tusingefika pale, na bila ulinzi hatukuweza kumaliza.

Programu ilinisaidia kuona kwamba tulikuwa tumebishania zamu isiyo yenyewe. Chase amekuwa mpokeaji wa kiwango cha juu kabisa, na mwaka 2024 aliongoza ligi kwa mipira iliyopokewa, yadi na pointi za kuvuka mstari: 127, 1,708 na 17. Sewell naye amekuwa miongoni mwa walinzi bora wa pembeni nchini. Kwenye zamu ya 5 hapakuwa na kosa. Kosa, kama lipo, lilikuwa katika raundi ya pili, ambapo Bengals walirudi nyuma hadi zamu ya 46 na kumchukua Jackson Carman, ambaye hakudumu kama mchezaji wa kuanza, wakati Creed Humphrey, mlinzi wa katikati kutoka Oklahoma, alikuwa bado hajachukuliwa na alibaki hadi zamu ya 63, Kansas City walipomchukua. Ukimchukua mpokeaji kwanza kwa hoja kwamba walinzi watapatikana baadaye, basi hiyo baadaye ndiyo inayobeba uzito wote wa mpango wako. Mtu aliyeicheza drafti raundi tatu mfululizo mara 40 analielewa jambo hili vizuri kuliko mtu aliyesoma makala 100 kuhusu zamu ya kwanza.

Sasa niseme kasoro, na kubwa kuliko zote ni fedha. Programu niliyoitumia haikuwa na nafasi yoyote ya mishahara. Inakuonyesha mahitaji ya timu kama orodha ya nafasi tu, utadhani mapengo yote yana bei moja. Tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa mchezaji aliyechaguliwa huamuliwa na namba ya zamu yake, si nafasi anayocheza. Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2010, alipewa mkataba wa dola milioni 78 kwa miaka sita. Cam Newton, wa kwanza mwaka uliofuata, alipata dola milioni 22 kwa miaka minne. Maana yake ni kwamba mvamizi wa pembeni na mkimbiaji wakichaguliwa kwa zamu ileile hulipwa sawa, ingawa sokoni mvamizi huyo angegharimu mara mbili au zaidi. Ndiyo sababu timu zenye busara hutumia zamu za juu kwa nafasi ambazo sokoni ni ghali: kwotabeki, walinzi wa pembeni, wavamizi, wapokeaji, na mabeki wanaowazuia wapokeaji.

Tazama Bengals wa 2025 kwa jicho hilo. Burrow alikuwa na mkataba wa dola milioni 275 kwa miaka mitano. Mwezi Machi timu ilimpa Chase milioni 161 na Tee Higgins milioni 115, kila mmoja kwa miaka minne. Kikomo cha mishahara ya timu nzima mwaka huo kilikuwa dola milioni 279.2. Timu iliyokwisha kuweka fedha nyingi kiasi hicho kwa watu watatu wa kurusha na kupokea haina budi kuijenga ngome yake kwa wachezaji wa bei nafuu, na mahali pa kuwapata ni drafti. Programu haikulijua hilo. Mara kadhaa ilinishauri nimchukue mshambuliaji mwingine kwa zamu ya 17 kwa sababu alikuwa juu kwenye orodha yake, na nilipokubali ili nione, ikanipa A.

Daraja hizo ndizo zinazonikera zaidi. Hupimwa kwa kulinganisha zamu uliyotumia na namba ya mchezaji kwenye orodha ya programu yenyewe, kwa hiyo anayesubiri wachezaji wateleze hupata alama nzuri hata akimaliza na timu isiyo na mlinzi. Baada ya wiki mbili nilijikuta nacheza dhidi ya mashine badala ya kuijengea Bengals kikosi. Nilijifunza kukubali kila ombi la kurudi nyuma, nikakusanya zamu za nyongeza kwa wepesi ambao hakuna meneja halisi angeukubali, na kupata A tatu mfululizo huku safu ya ulinzi, ile ya kuwazuia wapinzani wasifunge, ikibaki ileile. Na safu hiyo ndiyo iliyotuumiza mwaka 2024, msimu ambao Burrow alirusha mipira 43 ya pointi. Tulipoteza kwa 38 kwa 33 dhidi ya Washington, 41 kwa 38 na tena 35 kwa 34 dhidi ya Baltimore, na 44 kwa 38 dhidi ya Pittsburgh. Timu inayofunga pointi 33 au zaidi na kushindwa mara nne katika msimu mmoja haihitaji kuambiwa na orodha ya mtu mwingine pengo lake liko wapi.

Orodha zenyewe pia zisichukuliwe kama msahafu. Katika majaribio yangu yote Shedeur Sanders, kwotabeki wa Colorado, hakuwahi kuvuka raundi ya pili. Katika drafti halisi alisubiri hadi raundi ya tano, zamu ya 144, Cleveland walipomchukua, na hiyo ni baada ya wao wenyewe kumchagua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel, kwa zamu ya 94. Programu haiingii kwenye chumba cha mahojiano wala haisomi ripoti za madaktari wa timu. Hilo si kosa la kuilaumu, ila mtumiaji akumbuke kwamba timu 31 anazoshindana nazo ni kivuli cha orodha moja.

Siku yenyewe ilipofika, Bengals walimchukua Shemar Stewart, mvamizi wa pembeni kutoka Texas A&M, kwa zamu ya 17. Kwa nafasi, niliafiki kabisa. Ndiyo nafasi ambayo daftari langu lilionyesha kwamba ingekauka mapema. Kwa mchezaji, nilikuwa na wasiwasi, kwani katika misimu mitatu ya chuo alikuwa amewaangusha makwotabeki mara 4.5 tu (nusu ni pale wawili wanapomwangusha pamoja), na waliomtetea walisimamia umbo na kasi yake kuliko kazi aliyokwisha kuifanya. Seattle, waliofuata kwa zamu ya 18, walimchukua Grey Zabel wa North Dakota State kwa ajili ya safu yao ya mbele. Shemeji, ambaye miaka minne nyuma alinicheka kwa kutaka mlinzi, safari hii ndiye aliyepiga simu kulalamika kwamba tumemwacha Zabel. Nilimjibu kwa kumsomea daftari: mlinzi wa ndani atakuwepo kwenye zamu ya 81. Baada ya Demetrius Knight kuchukuliwa kwa zamu ya 49 kuimarisha ulinzi wa katikati, zamu ya 81 ilimleta Dylan Fairchild, mlinzi wa ndani kutoka Georgia.

Kuhusu gharama, toleo la bure linatosha kwa shabiki wa kawaida. Toleo la kulipia liliniongezea maombi mengi zaidi ya kubadilishana zamu na takwimu ndefu za wachezaji, lakini maombi hayo ndiyo yaliyokuwa mbali zaidi na hali halisi. Ningeshauri kuzima ubadilishanaji kabisa katika majaribio ya mwanzo, kucheza raundi tatu na si saba, na kupandisha juu kipimo cha mahitaji ya timu, maana kikiwa chini timu nyingine huchukua wapokeaji watatu bila sababu na hesabu yote ya nani atabaki inaharibika. Daraja la mwisho lifungwe bila kusomwa. Watengenezaji wakiongeza safu moja tu inayoonyesha kila nafasi inagharimu kiasi gani sokoni, karibu na jina la kila mchezaji, nitalipa ada ya mwaka mzima siku hiyohiyo.