Tathmini: Matangazo ya OPM Siku za Theluji mjini Washington

Theluji inapotabiriwa mjini Washington, mtumishi wa serikali kuu ya Marekani hana haja ya kumpigia bosi wake simu usiku kuuliza kama kesho kuna kazi. Ofisi inayosimamia utumishi, OPM, hushauriana na watabiri wa hali ya hewa na wasimamizi wa barabara na usafiri wa umma, kisha hutoa tangazo kwenye tovuti na programu yake ya simu, ikilenga kufanya hivyo kabla ya saa 10 alfajiri.

Ninachokisifu zaidi ni uwazi wa maelekezo. Tangazo likiruhusu kuchelewa kwa saa 2, anayeingia kwa kawaida saa 2 asubuhi anajua kwamba anatakiwa awe amefika ifikapo saa 4, wala muda huo haukatwi kwenye likizo yake. Likiruhusu kutoka mapema, kila mmoja huondoka kulingana na ratiba yake ya kawaida ili wote wasimiminike barabarani kwa pamoja, na anayeondoka kabla ya muda aliopangiwa hutumia likizo yake mwenyewe. Tarehe 26 Januari 2011 ruhusa ya namna hiyo ilitolewa, lakini dhoruba ikawakuta watu njiani na wengi wakakwama kwenye magari kwa saa nyingi. Ndipo utaratibu ukaongezewa saa ya mwisho ya kuondoka na agizo la kubaki ndani ya jengo.

Upande wa likizo hauniridhishi vivyo hivyo. Chini ya sheria ya mwaka 2016, ofisi zikifungwa, mtumishi asiyeweza kufanyia kazi nyumbani hupewa likizo yenye malipo, lakini mwenye makubaliano ya kufanyia kazi nyumbani kwa kawaida hutakiwa kuendelea na kazi, hata kama shule nazo zimefungwa na watoto wadogo wako naye sebuleni; akitaka kuwahudumia, anaomba likizo yake. Naielewa hoja ya kutosimamisha huduma, ila mzigo huo ni mzito kwa mzazi.

Kasoro kubwa zaidi inawahusu wafagizi, wapishi na walinzi walioajiriwa na wakandarasi. Likizo hiyo yenye malipo ya siku ofisi zinapofungwa haiwahusu: malipo yao hutegemea mkataba na mwajiri wao, kwa hiyo jengo likifungwa, anayelipwa kwa saa anaweza kupoteza ujira wa siku nzima. Serikali inayoweza kupanga kuondoka kwa watumishi wake saa kwa saa inaweza pia kuweka ujira wa siku hizo ndani ya mikataba inayoisaini.