Uzoefu wangu na Tom and Jerry isiyokatwa

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, hapa Dar es Salaam. Kutwa nakata: hotuba ya baba mdogo iliyorefuka, mtu aliyekatiza mbele ya maharusi, wimbo ulioishia njiani umeme ulipozimika. Kwa hiyo mkato naujua. Hata ukifichwa vizuri, sikio langu huusikia kabla jicho halijauona.

Likizo ya Desemba mpwa wangu wa miaka saba alikuja kukaa nasi. Kila alasiri, tukishakula, tulijitandika sakafuni kuangalia Tom and Jerry kwenye chaneli moja ya watoto inayokuja na kifurushi cha king'amuzi ninacholipia kila mwezi. Nazungumzia zile za zamani, ambazo William Hanna na Joseph Barbera walizitengeneza katika studio ya MGM ya Marekani kuanzia 1940 hadi 1958, filamu fupi 114 zilizotengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Mimi nilizijua kwa kanda za video miaka ya tisini, kwa jirani aliyekuwa na deki na roho ya kutufungulia mlango. Nilifurahi sana kumwonyesha mtoto kitu kilichonilea.

Siku ya pili tu nikausikia mkato. Katuni ilikuwa The Milky Waif ya 1946, ile ambayo Nibbles, kale kapanya kanakovaa nepi, kanaachwa mlangoni kwa Jerry. Tom anawakimbiza, wanaingia kabatini, na hapohapo muziki ukaruka kama santuri iliyochubuka. Kufumba na kufumbua wako kwingine, mbio zinaendelea. Mpwa wangu akanigeukia: "Mjomba, wametokaje kabatini?"

Sikumjibu, ingawa nilijua kilichoondolewa. Humo kabatini wale panya wanajipaka dawa ya viatu usoni, wanatoka wakijifanya watu weusi ili Tom asiwatambue. Ni kipande kibaya. Mimi ni mweusi, mtoto niliyekaa naye ni mweusi, na sioni cha kuchekesha pale. Angeniuliza mtu wa chaneli, ningemwambia naelewa kwa nini kimemkera. Ila yeye alikata picha na sauti kwa mpigo mmoja, akaacha tundu, kisha akatuuzia kama kitu kizima. Hakuna neno hata moja kwenye skrini linalosema filamu hii imepunguzwa.

Na katuni hizi zinabebwa na muziki. Tom na Jerry karibu hawasemi kitu, kwa hiyo Scott Bradley, mtunzi wa MGM, ndiye aliyewasemea kwa okestra. Paka akinyata, vinanda vinanyata naye. Akijigonga ukutani, tarumbeta zinalia. Filamu yenyewe ni ya dakika saba au nane hivi, na kila kicheko kimepimwa: kwanza unatulia, halafu unangoja, halafu kinakuja. Ukitoa sekunde kumi katikati, kicheko cha sekunde ya kumi na moja nacho kimekwenda na maji, maana kilikuwa kinangojewa humo ndani. Kwenye harusi ninapokata hotuba huwa nasubiri muziki ufike mahali pa kupumua. Ni kazi ya dakika tano. Chaneli ile haikuifanya.

Basi nikamwomba binamu yangu aliyeko Marekani aninunulie Tom and Jerry Golden Collection: Volume One, Blu-ray ya diski mbili iliyotoka 2011. Ina filamu 37 za mwanzo, za 1940 hadi 1948, zimesafishwa na hazijakatwa. Siku ilipofika, nikaichomeka kwenye deki usiku huohuo.

Nianze na picha. Niliziona mbao za sakafu. Miaka yote nilidhani nyumba ile ina sakafu ya rangi moja ya kahawia. Kumbe mchoraji alizipaka mbao mojamoja kwa rangi ya maji, na kivuli cha meza kimelala juu yake kama nyumbani kwa mtu. Tom ana manyoya yaliyochambuka mashavuni, hasa kwenye Puss Gets the Boot ya 1940, filamu ya kwanza kabisa, ambamo bado anaitwa Jasper. Nathamini zaidi usafi huu nikikumbuka kwamba negativu asilia za katuni nyingi za kipindi hicho ziliteketea kwa moto.

Jambo jingine ni umbo. Filamu hizi zilichorwa kwa skrini inayokaribia mraba, na diski inaziacha hivyo, na mistari myeusi pembeni. Chaneli yetu inaikuza picha mpaka ijaze televisheni pana, kwa hiyo juu na chini vinaliwa. Kwa katuni za aina nyingine huenda usijali. Hapa kuna mhusika mzima, yule mama mweusi mtunza nyumba, ambaye tunamjua kwa miguu yake: soksi, ndala, pindo la gauni. Ukila sehemu ya chini ya picha, umemla yeye.

Huyu mama ndiye aliyenikalisha macho usiku ule. Alionekana katika filamu 19 hadi 1952. Sauti yake ni ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi wa Marekani, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu hizo hata moja. Watetezi wa haki za watu weusi walimlalamikia mhusika huyu tangu enzi hizo, na walikuwa na haki. Amechorwa kwa mkono wa watu waliotuona sisi kama vikaragosi. Televisheni ya CBS ya Marekani ilipoanza kurusha katuni hizi kila Jumamosi mwaka 1965, timu ya mtengeneza katuni Chuck Jones ilipewa kazi ya kuzirekebisha. Mahali pengine mama akachorwa upya awe mwanamke mweupe mwenye lafudhi ya Kiayalandi, kwa sauti ya June Foray. Kwenye Saturday Evening Puss ya 1950 akabadilishwa kabisa, akawekwa msichana mweupe mwembamba. Miaka ya tisini picha zikarudishwa kama zilivyokuwa, lakini maneno yakarekodiwa upya na Thea Vidale.

Kwenye chaneli nilikuwa nimesikia sauti ya kisasa, safi, isiyo na uzito. Kwenye diski, katika Puss Gets the Boot, nikamsikia Randolph. Anamwambia paka kwamba akivunja kitu kimoja zaidi, nje! Ni onyo hilo linaloendesha hadithi yote: panya analisikia, anakwea mezani, anashika glasi, anainyoosha nje ya ukingo wa meza. Paka anaganda. Nguvu zote za nyumba ziko kwenye vidole vya panya. Na zinatokana na sauti ya yule mama, nzito, ya mtu aliyechoka na anayemaanisha asemalo. Mwanamke yule aliifanya kazi yake vizuri mno. Waliomwondoa walitaka kutuondolea aibu, na mikononi mwao alipotea mtu mweusi aliyefanya kazi. Hilo linaniuma kuliko dawa ya viatu.

Kuhusu sigara nitasema kidogo. Mwaka 2006 mtazamaji mmoja Uingereza alilalamika kwa Ofcom, wasimamizi wa utangazaji wa huko, juu ya uvutaji kwenye Texas Tom na Tennis Chumps. Turner, waliokuwa na haki za kuzionyesha, wakaamua kupitia upya katuni zao zaidi ya 1,500, ili kukata vipande vinavyoupamba uvutaji. Kwa chaneli ya watoto wadogo sina ugomvi na hilo.

Kasha la diski limeandikwa wazi kwamba ni la watu wazima wanaokusanya na huenda halifai watoto. Napenda uwazi huo. Mwenye nyumba anaambiwa, anaamua mwenyewe. Ndicho ninachokitaka kwenye televisheni pia: saa ya usiku kwa ajili ya filamu nzima, onyo mwanzoni, na mchana watoto wapewe zile zisizohitaji mkasi. Katika 114 ziko tele. The Cat Concerto ya 1947 haina hata fremu ya kukata, na ndiyo mojawapo ya filamu saba za Tom and Jerry zilizopata Oscar.

Kasoro ya toleo hili ni kwamba linaishia njiani. Juzuu ya pili ilitangazwa kwa mwaka 2013 bila filamu mbili, Mouse Cleaning na Casanova Cat, wakusanyaji wakapinga, na haikutoka. Kwa hiyo ukimaliza 37 unabaki na kiu. Diski hazina Kiswahili, ila kwa filamu zisizo na maneno hilo halimzuii mtoto. Na lazima uwe na deki ya Blu-ray. Ya DVD haitaisoma.

Mimi sijutii hata shilingi. Kifurushi sijakikatia, kwa sababu kina taarifa ya habari na mpira, ila Tom and Jerry ya chaneli ile hatuiangalii tena.

Ukiipata, anza na The Cat Concerto mkiwa wote sebuleni, na sauti iwe juu. Tazama mtego wa panya unavyowekwa mahali pa vibonye vya piano, na kidole cha Tom kinavyokuja kikifuata muziki wa Liszt bila habari. Mpwa wangu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili kabla hakijafika. The Milky Waif iangalie peke yako kwanza, watoto wakiwa wamelala. Mimi nilifanya hivyo, kesho yake nikaiwasha na mtoto, nikaisimamisha mlango wa kabati ulipofunguka, nikamweleza wametokaje.