Osileta ya koili au Si5351: ipi haihami kwenye MHz 7?

Osileta ni sakiti inayozalisha masafa ya redio, na adui wa ile ya koili ni joto. Induktansi ya koili iliyosukwa kwenye T50-6 (ringi ya njano ya unga wa chuma) huongezeka takriban sehemu 35 kwa milioni kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, na masafa hushuka nusu ya kiwango hicho: kama Hz 120 kwenye MHz 7. Boksi likipata joto nyuzi 10, umehama zaidi ya kHz 1 na sauti ya SSB (mtindo wa kutuma sauti kwa upande mmoja wa wimbi) haisikiki vizuri. Tumia kapasita za C0G, ambazo karibu hazibadiliki kwa joto, lakini takriban robo ya jumla ya kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) iwe ya aina ya N150, ambayo hupungua kwa joto na kufidia koili. Aina ya X7R, inayobadilika sana kwa joto, usiiguse kabisa. Gandisha waya wa koili kwa vanishi, kisha ipe osileta 78L09 (kidhibiti cha volti 9) yake peke yake, maana volti ikiyumba, kapasitansi ya ndani ya transista nayo hubadilika.

Si5351, chipu ya kuzalisha masafa, hufuata kristali ya MHz 25. Kristali ikiteleza sehemu 10 kwa milioni, ni Hz 70 tu kwenye MHz 7. Ila hutoa mawimbi ya mraba yenye harmoniki (masafa ya ziada, mara tatu ya yale ya msingi) kwenye MHz 21, na nyaya za I2C, zinazoipa chipu amri, huleta kelele kwenye antena zisipofunikwa.

Kwa redio ya kubeba juani, chukua Si5351. Koili inamfaa mwenye subira, na meza isiyohamishwa.