Sehemu ya kupigia mipira iliyopanuliwa Malindi: uzoefu wangu

Uwanja wa gofu ninakofanyia mazoezi hapa Malindi umemaliza kukarabati sehemu ya kupigia mipira, nami nimeitumia tangu kabla ya masika hadi sasa. Kazi imefanywa vizuri, na sifa yake kubwa ni upana.

Zamani tulibanana kwenye ukanda mwembamba. Fimbo ya chuma hung'oa kipande cha nyasi karibu kila pigo, na wageni wa Desemba wakishapita, Januari tulikuwa tunapigia kwenye mchanga mtupu. Ukoka hujiponya wenyewe kwa kutambaa juu na chini ya ardhi, ila hauwezi kupona mahali panapokatwa kila siku. Sasa sehemu imerefushwa kwenda nyuma, kamba inayoonyesha pa kusimama na kupigia husogezwa kila baada ya siku chache, na tulipopigia juzi panamwagiwa mchanga na maji, panaachwa papumzike. Nyasi zinarudi. Anayepiga kwa mkono wa kushoto naye amepata nafasi bila kumwogopa jirani.

Usawa wa ardhi nao umenifurahisha sana. Hapo awali palikuwa na vishimo na vilima, mpira ukawa juu ya miguu yako au chini, mwanafunzi akajifunza kupiga vibaya bila kujua. Mafundi wamesawazisha wakaacha mteremko mdogo tu wa kutoa maji. Mvua za Mei, ambazo ndizo kubwa huku kwetu, hazikuacha madimbwi.

Mazulia ya plastiki yamebaki upande mmoja, kwa siku za tope. Mimi sipendi kuyatumia, kwa sababu yanaficha makosa: fimbo ikigonga nyuma ya mpira huteleza tu, mpira ukaruka kama kwamba umepiga vyema. Kwenye nyasi unajua papo hapo. Viwiko pia huumia ukipiga zuliani muda mrefu.

Ombi langu kwa wachezaji wenzangu: msitawanye mashimo. Weka mpira nyuma kidogo tu ya jeraha la pigo lililopita, upige kwa mstari mmoja. Kwa njia hiyo nyasi nzima hubaki pembeni na kuziba pengo upesi. Uongozi uweke kibao kinachoeleza hivyo, maana wengi hawajawahi kuambiwa.

Kasoro ninayoiona ni kivuli. Miti ya nyuma ilikatwa kupisha upanuzi, na ikifika saa nne hakuna pa kukaa, hasa kwa wazee na watoto wanaofundishwa. Ipandwe miarobaini kwenye mabenchi, mbali kidogo na nyasi, kwa sababu ukoka unataka jua. Ikiwahi mvua za vuli itashika bila kumwagiliwa sana.