Filta ya hewa ya gari: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiulizia eya klina, yaani filta ya hewa, ya Toyota IST kwenye duka la spea Kariakoo, utawekewa mezani boksi tatu au nne zinazofanana, bei zikipishana kama mbingu na ardhi. Mimi nazipanga kwa kigezo kimoja: ipi inazuia vumbi vizuri zaidi. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na zikipenya hadi kwenye silinda zinasaga ringi za pistoni na kuta za silinda taratibu. Baada ya muda gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu.

Habari kwamba filta mpya hupunguza ulaji wa mafuta iache kwanza. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009, ikaona kwamba kwa injini za kisasa za petroli filta iliyoziba haibadilishi sana ulaji wa mafuta. Kinachopungua ni nguvu ya gari kuchanganya, yaani kuongeza kasi.

Ya kwanza kwangu ni ya karatasi, ya kampuni inayojulikana: Denso, Sakura au Mann. Denso ni watengenezaji wanaoiuzia Toyota vipuri kiwandani, na Sakura ya Indonesia imejaa madukani kwa bei ambayo mwenye gari la kawaida anaimudu. Ya pili ni ile yenye boksi la Toyota, namba yake ikianza na 17801. Kwa ubora haishindwi na hizo nyingine. Nimeishusha kwa sababu ni ghali na boksi lake ndilo linaloigwa zaidi, kwa hiyo unaweza kulipia jina ukaondoka na feki. Ukienda kwa wakala anayeaminika, ipandishe iwe ya kwanza.

Yoyote utakayochagua, itoe kwenye boksi kabla hujalipa. Bonyeza mpira wa pembeni kwa kidole gumba: uwe laini na urudi wenyewe. Mpira mgumu haubani boksi la filta, lile lililomo ndani ya gari, na hewa chafu hupita pembeni bila kugusa karatasi. Inyanyue kwenye mwanga uone kama mikunjo imelingana na gundi imefika hadi kwenye kona. Halafu ilinganishe na ya zamani, ambayo ni vizuri uwe umeibeba. Zile za bei ya kutupa, zisizo na jina wala namba, hufeli hapo hapo kwenye mpira.

Ya tatu ni ya pamba inayooshwa, kama K&N, ile inayokaa kwenye boksi lile lile la gari. Inadumu miaka, ila inataka mtu mvumilivu: ioshwe kwa dawa yake, isipulizwe upepo wa kompresa, iachwe ikauke kabisa, kisha ipakwe mafuta yake kwa kiasi. Mafuta yakizidi yanaweza kufika kwenye sensa ya hewa, taa ya injini ikawaka. Kama gari lako linaoshewa kila kitu gereji na kijana anayetumia petroli, achana nayo.

Ya mwisho ni koni, ile ya kufungwa wazi chini ya boneti. Mlio wake mtamu, sikatai. Lakini ukishatoa boksi la kiwandani, injini inavuta hewa ya moto kutoka humo humo ndani, na kwenye dimbwi la msimu wa mvua koni iliyokaa chini iko karibu zaidi na maji. Kwa gari la kwenda kazini na shule sioni faida.

Kufunga hakuhitaji fundi. Fungua klipu za boksi, toa ya zamani, futa ndani kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usipulize humo, utasukuma vumbi upande wa injini. Ukikuta mstari wa vumbi upande safi, juu ya filta, ujue ya zamani ilikuwa inavujisha. Weka mpya, hakikisha mpira umekaa kwenye mfereji wake pande zote, ndipo ufunge klipu.

Na fundi akitaka kukupulizia filta ya karatasi kila unapofanya sevisi, mkatalie. Upepo mkali huchana karatasi, tena filta yenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya kabisa. Ikiwa nyeusi na nzito, badilisha. Anayepita njia ya vumbi kila siku aikague mapema zaidi kuliko wa lami.