PO-SCORAD au POEM? Programu za simu za kufuatilia ukurutu

Programu ya ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengi wanavyouita, husaidia hasa kumwonyesha daktari hali ilivyokuwa kati ya kliniki moja na nyingine. PO-SCORAD, programu ambayo mgonjwa mwenyewe hujipimia ukali wa ukurutu, inaifanya kazi hiyo vizuri, lakini mwenye ngozi nyeusi aitumie kwa uangalifu.

Kwenye PO-SCORAD unaonyesha sehemu za mwili zilizoathirika, unapima dalili sita kwa 0 hadi 3 (ukavu, wekundu, uvimbe, majimaji au gamba, michubuko ya kujikuna, ngozi kuwa nene), kisha muwasho na kukosa usingizi kwa 0 hadi 10. Jumla ya juu ni 103: ukubwa wa eneo unachukua 20 tu, dalili sita 63. Dalili ikipanda ngazi moja, zinaongezeka alama 3.5. Kwenye ngozi nyeusi, "wekundu" huonekana zambarau, kijivu au weusi uliokolea. Anayesaka rangi nyekundu hujaza 0 mahali panapostahili 2, na alama 7 zinapotea. Linganisha na ngozi ya jirani isiyoathirika, tena uiguse: joto na kuinuka husema zaidi kuliko rangi.

Kwa sababu hiyo, kwa matumizi ya nyumbani napendelea programu zenye dodoso la POEM. Lina maswali 7 kuhusu wiki iliyopita, jumla 28, na halitaji wekundu kabisa. Alama 8 hadi 16 ni ukurutu wa wastani. 17 kwenda juu ni mkali. Lijaze mara moja kwa wiki, siku ileile. Ukijaza kila siku unahesabu siku zilezile upya.

Picha: dirisha lilelile, umbali uleule, na uzime urembo wa kamera, maana unafuta magamba na mipasuko.

Vikumbusho vingi huuliza tu kama umepaka dawa, havijali kiasi. Hapo ndipo matibabu mengi hukwama, kwa kupaka kidogo mno. Krimu ya steroidi inayofunika ncha ya kidole cha mtu mzima hadi kwenye kiungo cha kwanza ni kama gramu 0.5, nayo hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Andika idadi ya ncha kwenye sehemu ya maelezo.

Grafu za vichochezi, yaani vitu vinavyoamsha ukurutu, usiziamini kama unajaza siku mbaya pekee. Bila siku nzuri hakuna cha kulinganisha. Na kabla ya kuanza, hakikisha programu inatoa ripoti ya PDF, la sivyo ukibadilisha simu kumbukumbu zote zinaweza kupotea.