Uzoefu wangu na Anki: mwaka na miezi saba najifunza Kijerumani kwa kadi za Kiswahili

Watu ninaosoma nao Kijerumani wananiuliza sana natumia nini kukariri maneno, na kila mara najikuta natuma voisi noti ya dakika tano, sasa leo naandika kabisa ili akiuliza mtu nimpe hii asome. Natumia Anki, programu ya kadi za kukariri. Nimekaa nayo mwaka mmoja na miezi saba, karibu kila siku, kwenye simu ya Android ya kawaida tu, na nimeitumia kutoka siwezi hata kujibu swali dogo la darasani mpaka sahivi niko B1, ile ngazi ya kati ya lugha, naandaa maombi ya Ausbildung ya uuguzi, yale mafunzo ya miaka 3 Ujerumani unasoma huku unalipwa.

Nianze na nilikotoka maana bila hapo hutaelewa kwa nini naisifia hivi. Mwanzo nilikuwa na programu nyingine, jina naliacha, ni ile aina ya kujifunza lugha kama gemu, unakusanya pointi, unapanda levo, ukikosea unapunguziwa mioyo na kuna hesabu ya siku ulizoingia bila kukatisha. Mi gemu nazipenda, mpira wa kwenye simu nacheza na mdogo wangu mpaka chaji inaisha, kwa hiyo ile kitu ilinishika vizuri. Nilifika siku 212 mfululizo. Siku ya kwanza darasani mwalimu akanigeukia akaniuliza "Wo wohnst du?", unakaa wapi, swali la mtoto kabisa, na lile swali nilishaligusa kwenye skrini labda mara mia, lakini mdomo haukutoa kitu. Nilikuwa nimezoea kuchagua jibu ambalo tayari liko mbele yangu limeandikwa. Kulichomoa mwenyewe kichwani sikuwahi kufanya hata siku moja.

Na kuna jambo la pili ambalo nililigundua baadaye na ndo kubwa zaidi kwangu. Ile programu ilikuwa inanifundisha Kijerumani kwa Kiingereza. Vitabu vingi tunavyopata huku ni hivohivo. Kwa hiyo neno nalitoa kwenye Kiswahili nalipeleka kwenye Kiingereza ndo nalifikisha kwenye Kijerumani, safari mbili kwa neno moja, na kumbe sehemu nyingine Kiswahili na Kijerumani ni majirani kabisa hawahitaji mtu wa katikati. Angalia: "ich habe Hunger", neno kwa neno ni nina njaa, kuwa na njaa, sawasawa na sisi, ila ukipitia Kiingereza unaambiwa kwamba mtu ndo mwenyewe NI njaa sijui, basi unatunga sentensi ya ajabu. Au "ich heiße", hilo ni naitwa, halina tofauti, "wie heißt du" ni unaitwaje, imeisha. "Es gibt" ni kuna. Nilivyoyaona haya nilikasirika kidogo kwa ile miezi yote niliyozunguka.

Sasa Anki yenyewe. Ilitengenezwa na Damien Elmes, ilianza 2006, na jina ni la Kijapani maana yake kukariri. Kazi yake ni moja tu, inakuonyesha kadi upande wa mbele, wewe unajibu kwa kichwa chako au kwa mdomo, halafu unageuza uone nyuma, halafu unaiambia ukweli: nimesahau, ngumu, nimepata, rahisi. Vitufe vinne. Ukisema umepata inakurudishia kesho, ukipata tena inasogeza mbele siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi, na ukisahau inairudisha nyuma uanze kuisoma upya. Sasa hivi nina kadi ambazo zitanirudia mwakani. Wazo la kwamba tunasahau kwa mpangilio lilipimwa zamani sana na Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana akatoa kitabu 1885. Lakini aliyekulia chuoni, madrasa, kama mimi kule Tanga haoni jipya hapo, ustadhi alikuwa hakuruhusu uendelee na sura mpya kama zile za nyuma hujazidurusu, na alikuwa anajua ni ipi umeanza kuipoteza kabla wewe mwenyewe hujajua. Anki ndo ustadhi wangu wa Kijerumani, ila huyu hana bakora.

Watu wengi wakishaipakua wanakimbilia mafungu ya kadi yaliyotengenezwa na wengine, yapo ya bure maelfu. Mi nilijaribu, nikashusha fungu la maneno 4,000, nikafuta baada ya wiki mbili. Kadi ambayo hukuiandika mwenyewe haina kumbukumbu ndani yake. Nilichofanya ni kuandika zangu, kwa Kiswahili, jioni baada ya darasa, kadi 8 mpaka 10 tu.

Nikupe mfano wa kadi zangu tatu ninazozipenda. Nilikuwa nakula wali nyumbani nikaangalia mezani, kuna uma, kijiko na kisu. Kwa Kijerumani uma ni die Gabel, kijiko ni der Löffel, kisu ni das Messer. Vitu vitatu viko pembeni ya sahani moja na kila kimoja kina jinsia yake, der ya kiume, die ya kike, das ya katikati! Nikapiga picha ile sahani na wali wake, ikawa mbele ya kadi, na nyuma nimeandika der kwa rangi ya bluu, die nyekundu, das kijani, na kila nomino tangu siku hiyo naipaka rangi hizohizo. Wenzangu darasani wanalalamika sana kuhusu der die das, wanauliza kwa nini kijiko kiwe mwanaume, ila ukitulia sisi Waswahili tusingetakiwa kushangaa, kwani kwa nini tunasema kisu hiki halafu uma huu? Nani aliwahi kutupa sababu? Tumekua nazo zikiwa zimeshikana na neno lenyewe, na ndo hivo hivo unatakiwa uishike Gabel, usiikariri peke yake hata siku moja, ikariri na die yake, maana ukija kuachanisha huko mbele kwenye den na dem na der zinavyobadilika utapotea kabisa.

Maneno mengine hayakunisumbua hata kidogo. Schule ni shule, tulilichukua kwao kipindi wanatutawala, na hela tunayoitafuta kila siku ni Heller, ile sarafu ndogo ya enzi za Mjerumani. Hizo kadi nilibonyeza rahisi siku ya kwanza.

Sauti ndo zilinitesa. Kuna "schon" maana yake tayari na kuna "schön" maana yake nzuri, kwenye daftari ni vidoti viwili tu, ila nilikuwa nasema chakula kimekuwa tayari nikidhani nasema kizuri. AnkiDroid, yaani Anki ya simu za Android, ina sehemu ya kurekodi sauti hapohapo unapoandika kadi, nikamwomba mwalimu ruhusa akanirekodia jozi kama 30 za namna hiyo, moja ni Kirche ambayo ni kanisa na Kirsche ambayo ni tunda la cheri, na sauti yake ndo ipo mbele ya kadi, hakuna maandishi kabisa, nasikiliza nasema nimesikia ipi. Nazisikiliza na hedifoni asubuhi kwenye daladala, Gongo la Mboto mpaka Kariakoo, pale kwenye foleni ya Nyerere Road unamaliza kadi zote za siku na bado hamjafika Tazara. Ile ch ya "Nacht" nayo walimu wanaihangaikia sana darasani, mimi ilinitoka mara ya kwanza, ni kh ya bibi yangu akisema masalkheri, ile ya kooni kabisa, siyo he ya mjini. Kwa hiyo mbele ya kadi nimeandika tu "sema kama bibi".

Kadi iliyonigharimu zaidi ni hii. Mwalimu alituma ujumbe kwamba Jumamosi kipindi ni "halb drei". Nikasoma halb ni nusu, drei ni tatu, basi tatu na nusu, kwa saa zetu saa tisa na nusu mchana. Nikatoka nyumbani mapema, nikafika saa tisa na dakika ishirini nikijua nimewahi, nafungua mlango nakuta ubao umejaa maandishi na watu wanafunga madaftari. Mjerumani hahesabu nusu iliyopita, anahesabu nusu ya kuelekea ile saa, kwa hiyo halb drei ni saa nane na nusu. Nilikosa kipindi kizima na kilikuwa cha mazungumzo, ndo kipindi ninachokihitaji kuliko vyote. Usiku ule nilichora saa za ukutani 12 kwa kalamu nikazipiga picha moja moja, mbele mshale wa saa, nyuma Kijerumani chake, na neno la Kiingereza sikuweka hata moja kwa sababu ukiweka na la tatu katikati unapata saa tatu tofauti kichwani. Sahivi nikiangalia saa ya ukutani mikono iko kwenye nane na nusu yetu naisikia halb drei yenyewe.

Nije kwenye shida, maana zipo. Ukiifungua mara ya kwanza inachosha macho, ni orodha nyeupe na namba, haikupongezi, haikupigii makofi, na kwenye setingi kuna mambo mengi usiyoyaelewa. Mi nakushauri uguse vitu viwili tu. Kadi mpya kwa siku inakuja ikiwa 20, shusha mpaka 8 au 10, kwa sababu kila kadi mpya ya leo ni deni la wiki kadhaa zinazokuja. Cha pili washa FSRS, ni hesabu mpya waliyoiingiza mwisho wa 2023, inajifunza kutokana na unavyosahau wewe na kupanga kadi zako kwa hiyo, kile kiwango cha kadi unazotaka uwe bado unazikumbuka zikirudi acha kwenye asilimia 90 usipandishe, mi nilipandisha 95 nikazidiwa na kadi ndani ya wiki moja nikarudisha.

Na ukiacha siku, zinakusubiri. Tulifiwa, nikaenda Tanga siku 9, sikuwa na moyo wa kufungua simu. Niliporudi nikakuta kadi 611. Nilikaa siku mbili naiangalia ile namba nashindwa hata kuanza, nikawa nafikiria nifute yote. Kilichonisaidia ni kuweka kadi mpya sifuri na kujiwekea 100 tu kwa siku, asubuhi 50 jioni 50, ikachukua kama wiki moja na nusu nikawa nimerudi kwenye mstari, na nilichoshangaa ni kwamba nyingi nilikuwa bado nazijua. Kwa hiyo kama umepata safari au msiba au mitihani, usifute.

Kitu ambacho haitakufanyia ni kukupa mdomo wa kuongea na mtu. "Ich warte auf dich", hapo kuna maneno manne na mimi kwa Kiswahili nasema nakusubiri, neno moja, nimemaliza. Kadi imenifundisha kwamba warten inatembea na auf, lakini kuitoa haraka mtu akiwa amekukazia macho ni mazoezi ya watu wawili, mi nafanya na dada mmoja wa darasani kwetu kila Alhamisi, nusu saa, Kiswahili hakiruhusiwi.

Bei: kwenye Android bure kabisa na haina matangazo, inaitwa AnkiDroid, angalia jina vizuri maana zipo nyingine zinazofanana fanana. Kompyuta bure pia. Kwenye iPhone inauzwa kama dola 25, unalipa mara moja, ila mwenye iPhone asiye na hiyo hela anaweza kutumia AnkiWeb kwenye brauza bila kulipa. Bando inataka kidogo tu wakati wa kusawazisha kadi na akaunti yako ya mtandaoni, nyingine zote inafanya bila mtandao, na kwa mtu wa bando la siku kama mimi hilo peke yake lilitosha kunibakiza.

Fungu langu limefika kadi 2,140. Picha zangu za nyumbani na sauti ya mwalimu nazitoa, zilizobaki nazipandisha AnkiWeb mwezi huu, Kiswahili mbele, Kijerumani nyuma, rangi tatu kama nilivyosema. Nilisema kadi ya mtu mwingine haishiki na bado nasimamia hapo, kwa hiyo zichukue kama mfano, badilisha uma wangu weka wa kwenu. Kama kuna mwenye za hospitali, dawa na sehemu za mwili, kwa Kiswahili, naziomba sana, hizo ndo naanza wiki ijayo.